Mtoto Aliyeshika Vyeti Mbele ya Gari

Timau,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpenzi, Mama Wawira,

Wawira ni mzima. Anakula, anacheka, na sasa hivi yuko nje na watoto wa jirani wakichoma viazi. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu katika barua hii utakutana na neno hospitali, na sitaki ulifikie ukiwa huna habari.

Sasa, hujambo? Mama yetu anaendeleaje na kile kifua? Na huko kwenye kijiji kipya mmepata nyumba yenu wenyewe, au bado mnalala familia mbili chini ya paa moja? Mimi sijambo, ila baridi ya huku hainizoei wala siizoei. Naandika kwa Kiswahili ili ofisa anayefungua barua zetu siku hizi za Hali ya Hatari asikawie nayo. Afadhali asome yeye kwanza kuliko usikie habari hizi kwa mtu wa kwetu Karurumo aliyetuona Meru.

Kila Jumamosi pikapu ya shamba hushuka Meru kuchukua vipuri na chumvi ya ng'ombe, na wafanyakazi huruhusiwa kupanda. Akina mama hukaa nyuma na magunia yao ya viazi. Mimi, kwa kuwa nawafundisha watoto wao, hupewa kiti cha mbele karibu na dereva, Baba Mwiti. Njiani kuna kizuizi cha askari. Gari likifika hapo, wote huteremka na kuchutama kando ya barabara, mikono kichwani, mpaka kila cheti cha kusafiri kikaguliwe. Ualimu wangu haunisaidii hapo. Nami huchutama.

Safari ya kwanza ya Wawira tangu aje kukaa nami, nilikuwa nimempakata. Askari akachungulia dirishani, akacheka.

"Huyu ndiye mkubwa wa gari?"

Wawira akampa vyeti vyetu kwa mikono miwili, kama ulivyomfundisha kuwapa watu wazima vitu. Askari akavitazama juu juu, akasema, "Pita." Hakuna aliyeshuka.

Basi ikawa desturi. Kabla hatujaondoka Baba Mwiti hukusanya vyeti vya wote na kumkabidhi mwanao. Tukikaribia kizuizi humwambia, "Simama, karani wangu." Naye husimama juu ya kiti, katikati yetu, na kuvibandika vyeti kwenye kioo cha mbele kwa viganja vyote viwili, ili askari aone mtoto kwanza.

Mama Karimi, yule mama wa Kimeru aliye jirani yangu, hupiga kelele kutoka nyuma, "Karani amesimama?"

"Amesimama!" Baba Mwiti hujibu.

"Basi leo magoti yetu yamepona!"

Dada, mara mbili nilitaka kukataa. Niliona jinsi mtoto alivyoyumba kwenye kona, hana anachoshika ila makaratasi. Mara ya pili nilimwambia Baba Mwiti polepole, "Akae chini, nitavionyesha mimi." Akanijibu, "Wewe Mwalimu, wewe si mtoto. Wakikuona wewe watatushusha." Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya akina mama, kwamba Mama Karimi ana mimba na hawezi kuchutama saa nzima. Lakini nikilala nayajua mawazo yangu. Nilinyamaza kwa ajili yangu. Naona aibu kuchutama mbele ya watu ambao watoto wao husimama ninapoingia darasani. Nilimsimamisha mtoto wako juu ya kiti ili mimi nisichutame.

Siku nane zilizopita ukungu ulikuwa mzito. Kizuizi kilikuwa kimehamishwa, kikawekwa mara tu baada ya kona, nasi tulidhani bado kiko mbali. Baba Mwiti alikuwa amekwisha kumwambia asimame, ajiandae. Tukapinda kona, gogo hili hapa mbele yetu. Akakanyaga breki.

Sikumwona akiruka. Niliona tu kwamba pale alipokuwa hayupo, na mkono wangu umeshika sweta lake kwa nyuma, nami sikumbuki kulishika. Sweta lilinyooka, likapasuka begani, lakini lilimpunguza kasi. Kichwa hakikufika kwenye kioo. Mdomo ulifika kwenye chuma kilicho chini ya kioo.

Gari lilizimika. Nyuma magunia yalikuwa yameanguka na mtu alikuwa akiita jina la Mungu. Nilimgeuza. Damu, na macho wazi yananitazama. Nikamwita mara tatu. Mara ya tatu akaniitikia mimi mama yake mdogo, "Tata, sikuviangusha."

Alikuwa amevikumbatia vyeti kifuani, vyote, vimelowa damu.

Askari alikuja mbio na bunduki yake, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja. "Peleka mtoto hospitali. Pita, pita!" Akainua gogo kwa mikono yake. Hakuna aliyeshuka hata siku ile. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Hospitali walimshona mdomo nyuzi mbili. Muuguzi akampapasa kichwa na shingo, akamwambia ahesabu vidole, akamulika machoni. Kisha akaniambia, "Ameng'oka meno mawili ya utotoni, nayo yalikuwa karibu kung'oka. Mwingine aliletwa hapa aliyefika kwenye kioo. Usiniulize habari zake." Nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka Wawira akaniambia ninyamaze, watu wanatazama.

Nilidhani akina mama watanisukumia lawama, au watanyamaza tu na Jumamosi ifuatayo wamtafute mtoto mwingine. Tulipokuwa tukirudi Mama Karimi alimchukua Wawira, akamkalisha nyuma sakafuni, mgongo wake ukiegemea gunia, mimi kando yake. Akagonga paa la gari. "Baba Mwiti! Tangu leo tutashuka, unasikia? Hata nikizalia hapo kizuizini, tutashuka. Na ukimwita mtoto karani tena nitakuja huko mbele nikukalie." Baba Mwiti aliendesha polepole njia nzima. Leo asubuhi kanisani alinipa mkono wa pole kwa mara ya nne.

Jana tulishuka tena Meru, nyuzi zikatolewe. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Kizuizini askari walipiga kelele, "Shuka wote!" Tukashuka, wote, hata Baba Mwiti. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Tukachutama kwenye matope, mikono kichwani, Mama Karimi akihema, na Wawira akachutama katikati yetu na mikono yake kichwani ingawa hakuna aliyemwambia. Ilichukua muda mrefu sana. Bega lake lilikuwa linagusa langu muda wote. Dada, sikumbuki lini nimekuwa na amani kiasi hicho.

Ukitaka arudi kwako, niandikie. Nitaomba kibali na kumleta mwenyewe, nyuma ya gari, nikiwa nimemshika.

Msalimie mama, na shangazi aliyenilipia karo, na mzee wa kanisa atakayekusomea maneno yasiyosomeka. Ukipata kumwandikia shemeji huko kambini alikofungiwa, mwambie binti yake ana pengo na analijivunia. Mengine uamue wewe kama aambiwe au la.

Ni mimi mdogo wako anayekuomba radhi,
Muthoni