Matairi Manne ya Kutufikisha kwa Bibi

Kambi ya Ocotillo,
Quartzsite, Arizona.
24 Mei 2023

Mpendwa Shangazi Joleen,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye joto hili. Hujambo wewe, na wote hapo Idaho hawajambo? Bibi anaamkaje siku hizi? Anakula? Uvimbe wa mguu umepungua? Barua hii itakapofika Baba atakuwa hapo, lakini habari za Bibi naomba uniandikie wewe mwenyewe, maana Baba akiulizwa juu ya mama yake husema "Yuko sawa," kisha hutoka nje.

Sisi ni wazima. Mama anakusalimu. Muda huu anakunja nguo alizokwisha kuzikunja jana.

Shule nimemaliza. Mtihani wa mwisho niliufanyia hapa hapa kwenye meza ya kulia chakula. Mama alioka keki, na jirani yetu Bwana Pruitt, yule aliyekuwa dereva wa malori, akapiga honi hadi mbwa wa kambi nzima wakabweka. Nilijificha bafuni kwa aibu. Tangu siku hiyo sijui mikono yangu niiweke wapi. Nakaa, nasimama, nafungua friji bila njaa. Kambi nayo imebaki tupu. Wazee waliokuja kukimbia theluji wamesharudi kwao.

Sasa nikueleze kwa nini Baba amekuja peke yake na pikapu, bila nyumba yetu ya kukokotwa na bila sisi. Sijui yeye amekuambia nini. Sababu ni mimi.

Mwezi uliopita, tukiihamisha nyumba kutoka ile kambi ya mtoni, tairi moja la nyuma lilipasuka njiani. Lilichana bati la chini na kung'oa bomba la maji machafu. Baba alifunga tairi la akiba, akatengeneza bomba, akasema yamekwisha. Mimi nilichukua kitambaa nikafuta ubavu wa yale matairi matatu yaliyobaki, nikasoma tarakimu zilizopigwa pale, zile zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Shangazi, yote matatu yametimiza miaka minane, umri ule ule wa lililopasuka. Karibu na rimu yana nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka.

Nilimwambia Baba. Akapiga tairi teke.

"Haddie, meno yote yapo! Tazama. Haya hata hayajatembea."

Hilo ndilo linalonitia hofu. Hayajatembea. Yamesimama juani majira ya baridi yote, nyumba nzima ikiwa mgongoni mwao, na tairi la kusimama huzeeka upesi kuliko la kukimbia. Watu wetu wa nyumba za kukokotwa hutazama meno tu, kwa kuwa kwenye pikapu meno ndiyo huisha kwanza. Kwenye nyumba mpira hufa kwanza, na meno hubaki yamekenua.

Lakini Baba alikuwa na haraka, na haraka yake naijua. Bibi anahamia nyumba ya wazee mwisho wa mwezi huu. Baba alitaka amkute bado jikoni kwake. Kila jioni alikuwa akifungua ramani, anaikunja, anaifungua tena. Ningewezaje kumwambia mtu kama huyo asubiri matairi?

Basi Jumatatu asubuhi tukafunga safari. Unajua desturi yetu: Baba anakaa kwenye usukani na kuita, mimi naizunguka nyumba na kuitikia, na hatuondoki mpaka kila jina liitikiwe.

"Ngazi?"

"Imekunjwa!"

"Antena?"

"Imeshuka!"

"Pini?"

"Imefungwa!"

"Matairi?"

Nilikuwa nimesimama pale upande wa kulia, mkono wangu juu ya mpira. Neno ni moja tu, Shangazi, "Sawa," nimelisema tangu nikiwa na miaka saba. Halikutoka.

"Matairi?" akaita tena. "We Haddie! Umelala?"

Bwana Pruitt alikuwa amekaa mlangoni kwake na kahawa. "Darrell," akapaza sauti, "binti yako amegeuka jiwe. Mfungie kamba umkokote naye!"

Baba akashuka. Uso ulikuwa mwekundu. Nilitaka ardhi inifiche. Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye aliisikia kwa shida, "Siwezi kuitikia, Baba. Si sawa. Mkitaka kwenda nendeni, mimi sipandi."

"Mama yangu anahamishwa wewe unaniletea habari za mpira?"

Mama alishuka kwenye pikapu, akafunga mlango wake polepole, akaja kusimama upande wangu. Bwana Pruitt akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. "Darrell, mimi niliwahi kuzima moto wa nyumba kama hii iliyopasukiwa tairi kando ya barabara," akasema. "Pikapu yako ina matairi mazima. Iache nyumba, nenda ukamwone mama yako."

Baba alitazama kaskazini. Kisha akaanza kuteremsha miguu ya chuma ya kuegemeza nyumba, akaifungua kutoka kwenye pikapu, akaweka kabari nyuma ya magurudumu. Alipokuwa anaondoka alishusha kioo akaniambia, "Haya, wewe ndiye unayeyasoma. Chagua." Sikujua kama amenipa kazi au adhabu. Hadi sasa sijui.

Ilinibidi nimpigie simu muuzaji, mimi ambaye hata kuagiza piza namsukumia Mama. Nilisema nataka manne. Akaniambia nichukue yale ya kubeba mzigo mzito kupita yote, hayo hayamkosei mtu. Karibu nikubali ili nikate simu. Ila nikaomba asubiri, nikalala chali chini ya nyumba na tochi nikatafuta mhuri nyuma ya rimu. Rimu zetu hazikuumbwa kuhimili upepo mwingi unaotakiwa na yale mazito. Ukiyajaza inavyotakiwa rimu inaweza kupasuka. Ukiyajaza nusu umenunua jina tu. Nikarudi kwenye simu nikiwa na mchanga kwenye nywele, nikamwambia nataka ya daraja linalofuata chini, yaliyotengenezwa kwa nyumba za kukokotwa, si ya pikapu. Yanaubeba uzito wetu na ziada inabaki, hata tukihesabu mitungi ya matunda ya pichi ya Mama, ambayo yeye husema haina uzito.

Kisha nikamwomba anisomee mwaka wa kutengenezwa kabla hajayaleta.

"Binti, unanunua tairi au maziwa?"

Nikamjibu, "Maziwa yakiharibika yananuka. Tairi halinuki."

Alicheka, akaenda kusoma. Ni ya mwaka huu. Anakuja kuyafunga hapa kambini kesho asubuhi, na nimeshafagia mahali atakapoweka jeki, ingawa ni jangwa na upepo umelirudisha vumbi lote.

Shangazi, linaloniuma ni hili. Mama na mimi hatutamwona Bibi jikoni kwake. Tutamkuta kwenye nyumba ya wazee, kati ya watu asiowafahamu, na kwa jinsi anavyosahau siku hizi huenda asinijue. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha cheti changu akiwa kwenye kiti chake kile cha dirishani. Labda yale matairi yangetufikisha. Hakuna atakayejua. Nimeinuka mara nyingi tangu nianze barua hii, naenda kuzigusa tena zile nyufa, kama zinaweza kuniambia.

Naomba unifikishie neno kwa Baba. Mwambie nyumba imetulia, na kesho itakuwa na miguu mipya. Asikimbilie kurudi. Akae na Bibi mpaka siku ya kuhama, ambebee mizigo, alale kwenye chumba chake cha utotoni. Akiuliza kama nimejuta, mwambie nimelia, ila sijajuta.

Wasalimie binamu zangu Brody na Kaylin, na Bibi umbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu. Mungu ailinde njia ya kila aliye barabarani, na ya kila anayehama.

Wako akupendaye na kukukumbuka,

Haddie