Mahali pa Kumlaza Valsin

Mtaa wa Dumaine,
New Orleans,
4 Novemba 1953

Mpendwa Mjomba Anatole,

Na si hadithi ile ya kwanza tu ya kitabu chako iliyonitoa machozi, ni zote. Uliniuliza kama nimeona haya kukisoma kitabu chako. Sikuona hata chembe. Lakini u hali gani? Kifua kimepona? Baridi ya Chicago isikuonee. Sisi wazima, nami nimezidi: mwezi wa pili huu wa ndoa, na bado nikisikia viatu vya Lucien ngazini moyo hunienda mbio.

Jioni hunisomea kitabu chako nikipiga pasi. Alipofika pale wanaume wawili wanapokunywa kahawa kikombe kimoja, nikaunguza kola ya shati lake. Nilijua ni wewe na marehemu Valsin. Natamani sisi nasi tupendane hivyo hadi uzeeni.

Sasa nisikilize, maana situlii. Siku ya Watakatifu Wote tulikwenda kupaka chokaa kaburi la ukoo. Mlinzi wa makaburi akaniambia kile chumba cha kuzikia cha ukutani alimolazwa Valsin kilikuwa cha kupanga, na muda umekwisha. Asipopatikana wa kumchukua mwezi huu, mifupa yake itatiwa shimo la wote. Ndugu zake wamemkataa.

Nikamwomba Mama tumlaze kwetu. Akasema, bila kuacha kupaka, kwamba kaburi lile ni la damu, si la marafiki.

"Mama, hata mimi si damu," Lucien akasema. "Mtanitupa wapi?"

"Wewe umeoa."

"Nimeoa juzi tu. Yeye alikaa na kaka yako hadi kufa."

Mama akachovya brashi. Baadaye akanung'unika kwamba kitabu chako kina uongo: Valsin hakuwa akila kamba wa baharini, walimvimbisha midomo. Yeye aliyeapa hatakigusa! Lucien akaniminya mkono nisicheke.

"Anatole aje aniombe mwenyewe," Mama akasema. "Asinitumie watoto."

Najua uliapa hutakanyaga huku mpaka dada yako akuite. Mjomba wangu, kwa Mama, kusema hivyo ndiko kuita. Hana namna nyingine.

Shangazi Eulalie na binamu Octave wanakusalimu sana. Mungu akufunike kwa rehema zake. Usihangaike kujibu, barua itachelewa. Lucien ameshaomba ruhusa kazini. Tunapanda treni wiki ijayo kuja kukuchukua, mimi na yeye, kabla mwezi huu haujaisha.

Mpwa wako anayekupenda mno,
Clothilde