Kawaida Si Jibu

Jumanne, 11 Juni 1996
Baridi. Ng'ombe amekamuliwa, majani ya migomba yamekatwa. Nimeamka mara saba. Mara ya mwisho nilisimama chooni hadi miguu ikafa ganzi, yakatoka matone. Choo kiko nyuma ya zizi, na komeo la mlango wa nyuma hulia kama mbuzi. Mke wangu, Mama Elifuraha, hakugeuka kitandani. Kesho naenda Moshi kwa daktari. Nimeahirisha tangu Pasaka.

Jumatano, 12 Juni
Daktari Swai ni kijana, hajafika arobaini. Alinipa shikamoo vizuri. Kisha akauliza, "Unajisikiaje, Mwalimu?" Nikamwambia kujisikia ni kuwa na majivuno, aulize naionaje hali yangu. Akacheka, akauliza upya kwa usahihi. Nilimpenda kwa hilo.

Akauliza naamka mara ngapi usiku. Nikajibu: kawaida.

Nilifundisha sarufi miaka thelathini na miwili. Mwanafunzi aliyeulizwa "ngapi" akajibu "kawaida" alisimama hadi kipindi kiishe. Leo nimejibu hivyo mwenyewe, kwa uso mkavu. Marehemu baba alifundishwa jandoni kwamba mwanamume hajulikani anapokwenda haja. Nami nikalelewa hivyo.

Alinipima kwa kidole. Aibu kubwa, muda mfupi. Tezi dume imekua. Ni laini, haina vinundu. Dalili ya saratani hakuiona. Amenipa kazi ya nyumbani: siku tatu niandike kila ninapokojoa, saa na kiasi.

Ijumaa, 14 Juni
Nimechora jedwali kwa rula. Usiku wa kwanza: 6. Nikaitazama hiyo sita. Nikaifuta, nikaandika 2. Ni uongo. Mistari imenyooka.

Sababu naijua. Kaka yangu Ndelilio alipasuliwa tezi hiyo hiyo, akabaki akivuja hadi alipokufa. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mimi husoma somo mbele kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Siogopi kisu. Naogopa kulowa mbele ya watu.

Jumatatu, 17 Juni
Daktari alisifu mwandiko. Anayeamka mara mbili anaweza kusubiri, alisema. Nipunguze chai ya jioni, nirudi baada ya miezi mitatu. Mkojo ukiziba, nije siku hiyo hiyo. Nilirudi nyumbani Machame na furaha ya mwizi.

Jumamosi, 6 Julai
Mafua. Nimenunua vidonge dukani, nimemeza viwili, nikanywa mtori wa ndizi, nikalala.

Jumapili, 7 Julai
Mkojo haukutoka tangu alfajiri. Tumbo la chini gumu kama boga. Kufikia saa nne sikuweza kukaa wala kusimama. Jirani alitupeleka hospitali kwa pikapu yake. Muuguzi akaingiza mpira hadi kibofuni; mkojo ukatoka zaidi ya lita moja. Nililia mbele ya mke wangu. Sijali.

Daktari aliuliza nimemeza nini. Nikamwonyesha vidonge. Akasema baadhi ya dawa za mafua hukaza njia ya mkojo; kwa mwenye tezi kubwa ni hatari. Kisha akafungua faili, akatoa jedwali langu.

"Mwalimu, hii mara mbili ni ya kweli?"

Nikaanza, "Kwa kawaida..."

Mama Elifuraha akadakia. "Mara saba, daktari. Siku nyingine nane. Nahesabu komeo." Akanigeukia. "Kwani ulidhani nalala?"

Kumbe alikuwa macho. Miezi yote hiyo.

Jumanne, 9 Julai
Leo nimesema kweli yote, kwa tarakimu. Daktari aliweka kalamu chini akauliza ninaogopa nini. Nikamtajia Ndelilio.

Hakudharau. Alisema wengi huvuja majuma ya mwanzo, kisha hukoma. Wachache hubaki na tatizo hilo. Hawezi kuniahidi. Niliheshimu jibu hilo kuliko ahadi. Njia ni tatu: kuishi na mpira, vidonge vya kulegeza njia, au upasuaji. Vidonge vyaweza kuleta kizunguzungu, na ni vya kila siku. Baada ya upasuaji nguvu za kiume aghalabu hubaki, ila mbegu huenda zikarudi kwenye kibofu.

Mama Elifuraha akasema, "Uzazi tulishafunga duka, daktari. Mpe usingizi, na mimi nipate wangu."

Daktari akaniuliza mimi nataka nini hasa. Nikajibu: kusoma somo nikiwa mkavu, na mke wangu alale. Akayaandika hayo kwenye faili, kama yalivyo. Tumekubaliana: vidonge kwanza, mpira utolewe Ijumaa. Mkojo ukiziba tena, tutazungumza upasuaji.

Jumamosi, 13 Julai
Mpira ulitolewa jana. Nilikojoa kidogo, nikafurahi mno. Leo nimesimama ghafla zizini, dunia ikazunguka, nikaanguka kwenye samadi. Mchana mkojo ukaziba. Mpira tena.

Jumatatu, 15 Julai
Nimemwambia daktari: upasuaji. Hakunisukuma. Alinieleza tena yote, mazuri na mabaya, akaniambia nina haki ya kubadili nia hadi asubuhi ya siku yenyewe. Sitabadili. Nimechagua. Mwanetu Elifuraha na mdogo wake wametoa damu ya upasuaji.

Naogopa bado.

Jumanne, 30 Julai
Nimeshapasuliwa, nipo nyumbani. Mpira umetolewa. Nilipokohoa nililowa. Nilipoinuka, nililowa. Leo mara tano. Nimeandika 5. Nimemkemea mke wangu kwa sababu ya chumvi kwenye ndizi, na chumvi haikuwa na kosa.

Jumatano, 14 Agosti
Mazoezi ya kubana njia ya mkojo, kila baada ya kula. 2. Hii ni mbili ya kweli.

Alhamisi, 22 Agosti
1. Nilipiga chafya.

Jumapili, 1 Septemba
Nimesoma somo. Sura nzima, bila kuharakisha. Mkavu. Mzee mmoja mlangoni aliniuliza naendeleaje. Nikamwambia nimepasuliwa tezi dume na nimepona. Akaangalia huku na huku, akanivuta pembeni. Alikuwa na swali lake. Nikamwuliza: mara ngapi? Akasema kawaida. Sikumsimamisha. Nimempa jina la daktari.

Jumatatu, 2 Septemba
Ukungu. Ng'ombe amekamuliwa. Asubuhi nimemwuliza Mama Elifuraha nimeamka mara ngapi. Akasema hajui, alikuwa amelala.