Nilivyomkana Hirsi kwa Hesabu ya Baba

Kwa Hooyo, mama yangu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Barua hii ikukute umekaa, umekunywa chai, na kifua kimekuachia. Mimi ni mzima, nakula, na nywele nimenyoa kama ulivyoagiza. Je, huko Hulugho mvua imegusa ardhi? Je, mnaruhusiwa sasa kuwatoa ngamia nje ya manyata mlimokusanywa mapema, au bado wanakonda palepale bomani?

Adeer Nur, wewe unayemsomea mama, shikamoo ami yangu. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali shuleni hatuandiki. Tunaandika Kiswahili na Kiingereza tu. Nakuomba usiisome dukani mbele ya watu. Nenda nayo kwake, umtafsirie taratibu, na palipo na aibu usiparuke.

Hooyo, nimefanya jambo baya.

Jumatano ya wiki juzi nilitumwa sokoni kununua sabuni ya bweni. Askari walikuwa wamewapanga mstari watu wasio wa mjini. Mwenye kibali alipita. Asiye nacho alitakiwa atambuliwe na ndugu anayekaa hapa Garissa. Akikosa, anatiwa ndani ya seng'enge, na wakijaa wanapelekwa mbali kwa lori. Nilikuwa napita nikitazama chini, unavyonijua, mtu akaita jina langu. Alikuwa mwanamume mrefu, ameshika kamba ya mbuzi wawili.

"Huyo ni ndugu yangu," akawaambia.

Afisa akaona sare yangu, akafurahi. "Mwanafunzi, njoo. Huyu ni ndugu yako?"

Unajua watu wanavyokamatwa siku hizi kwa kuitwa shifta, waasi wa porini, na anayemjua shifta naye huulizwa. Nikamwambia yule mtu kwa lugha yetu, kama wazee wanavyofanya wakikutana kisimani, "Hesabu." Akahesabu baba zake, nami nikahesabu wangu. Tukakutana kwa babu wa kumi na moja. Mama mmoja muuza maziwa akacheka, akasema, "Kwa hesabu hiyo hata mimi ni dada yenu."

Yule mtu akainama karibu nami. "Yusuf, waache baba. Hesabu kwa mama."

Nani kwetu hufundishwa hesabu ya mama? Abbo alinikaririsha baba yake na mababu zake kila jioni tukikama, jina kwa jina, na wote walikuwa wanaume. Nikamgeukia afisa. "Si ndugu yangu, afande. Tunakutana mbali sana." Wakamchukua. Mbuzi wake mmoja akanifuata mpaka mwisho wa soko, askari akaja akamrudisha.

Ningeweza kukuambia kwamba sikumjua, nawe ungeniamini. Lakini nilimjua kabla hajafungua kinywa. Sikio lake la kushoto limepasuka. Ni Hirsi, mwana wa Habaryar Dahabo, yule mama mdogo aliyekaa kwetu mwaka wa ukame, akanibeba mgongoni ulipougua. Hirsi ndiye aliyekuwa akinipa povu la maziwa kidoleni na kusema nisiwaambie wakubwa. Nilimjua, nikajificha nyuma ya baba zangu kumi na mmoja. Kila jina nililolitaja lilikuwa la kweli, nami nilikuwa nadanganya.

Jumatatu iliyofuata mwalimu wa Kiingereza akatuchorea ubaoni jinsi binamu wanavyohusiana. Watoto wa ndugu wawili ni binamu wa kwanza, na watoto wa hao binamu ni binamu wa pili. Mimi ambaye siinui mkono darasani nikauliza, "Na kama hao ndugu wawili ni wanawake?" Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Ubao haubagui."

Nikachora yetu nyuma ya daftari. Ayeeyo Shamsa, mama yako, na mama yake Dahabo ni dada, tumbo moja. Kwa hiyo wewe na Dahabo ni binamu wa kwanza, mimi na Hirsi wa pili. Kwa baba nilipanda ngazi kumi na moja kumfikia. Kwa mama ni tatu tu. Lakini kisanduku cha juu kabisa, cha mama wa hao dada wawili, kimebaki kitupu, maana sikuwahi kumuuliza mtu jina lake.

Juzi Jumamosi nikampelekea afisa ile karatasi. Akaitazama, akanitazama. "Siku ile alikuwa mbali sana. Leo amesogea?"

"Nilidanganya, afande. Niliogopa."

Hakunipigia kelele, na hilo lilinichoma zaidi. Akasema atatuuliza swali moja, kila mtu peke yake: huyo bibi anayetuunganisha anaitwa nani? Hirsi akaulizwa kwanza, akajibu mara moja. Nilimwona afisa akiandika. Mimi nilipoulizwa, ulimi ukaenda ulikozoea. Nikaanza kwa Abbo, nikapanda, sikuweza kusimama.

"Kijana," akasema, "nimekuuliza mwanamke mmoja, umenipa wanaume ishirini."

Askari wakacheka. Hirsi hakucheka. Akiwa ndani ya seng'enge aliniuliza tu, "Mama yako kifua kimepona?"

Afisa amesema nilete jina au nilete mtu mzima, kabla lori halijaondoka. Siku ya lori hakunitajia. Basi muulize Ayeeyo Shamsa, mama yake aliitwa nani, na Adeer Nur aliandike kwa herufi kubwa. Karatasi mpe dereva wa lori la mbuzi atakayerudi na msafara. Na kama Abti Farah, kaka yako, ana kibali, aje mwenyewe. Habaryar Dahabo usimfiche kilichotokea. Mwambie ni mimi.

Jibu likinikuta Hirsi ameshapelekwa, nitumieni jina hilo hivyohivyo. Nitakwenda kwa mama yake, na sitaki kuingia kwake nikiwa bado simjui bibi tuliyetoka kwake sote.

Nisalimie Abbo, na umwambie sijasahau hata jina moja. Nisalimie dada yangu mkubwa na mtoto wake mchanga, ambaye sijamwona. Ayeeyo mshike mkono kwa niaba yangu.

Mwanao anayeona haya,

Yusuf, wa Halima, wa Shamsa, wa