Dereva wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata nilichokuwa nakitafuta tangu Novemba. Karatasi moja tu! Karani wa geti ameipiga picha, akanitumia, kisha akaifuta upande wake. Ni orodha ya safari za wiki iliyopita. Lori la mdogo wangu: dereva wa kwanza, yeye mwenyewe. Dereva wa pili — Mkimya.

Mkimya, dereva mwenzao, tulimzika miezi minne iliyopita. Nilikuwepo, viatu vimejaa tope.

Najua ilivyotokea. Sheria inataka madereva wawili kwa safari inayozidi muda wa saa kumi. Kampuni inatuma mmoja, wa pili ni jina tu kwenye karatasi. Karani wa zamu hunakili orodha ya wiki iliyotangulia, hubadilisha tarehe, basi. Alipokufa Mkimya hakuna aliyekumbuka kumfuta. Njia ya mwongo ni fupi.

Kikao kwa afisa wa kazi ni Jumanne ijayo. Mimi kama katibu wa chama cha madereva nahitaji dereva mmoja tu aandike kiapo: nilisafiri peke yangu. Na ninaye. Tumenyonya ziwa moja.

Jumanne, 4 Machi

Amekataa.

Nilimfuata yadi, wanakooshea malori. Nilidhani anaogopa kufukuzwa, nikaanza hotuba yangu ya wanachama wapya. Akanikatiza.

"Dada, kazi siogopi. Naogopa kuapa uongo."

"Uongo gani?"

"Sijasafiri peke yangu."

Nikamuuliza alikuwa na nani. Aliendelea kusugua kioo cha upande wa kushoto, upande wa dereva wa pili. Kioo chake mwenyewe kilikuwa kimejaa vumbi.

Nimerudi nyumbani nachemka. Mume wangu anasema labda shemeji amechoka tu. Ndiyo, bwana wee — ndiyo kesi yenyewe!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeongea na madereva wengine watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wasije wakapeana maneno. Wote wameshaendesha safari ndefu na jina la Mkimya likiwa ubavuni mwao kwenye orodha.

Wa kwanza ni yule tunayemwita Mzee Breki. Kaniambia kwamba usingizi ukija, ile saa tisa ya alasiri, kuna mkono unakugusa goti. Mara mbili. Wa pili kasema hivyo hivyo: goti, mara mbili. Wa tatu aliinuka akaenda kunawa uso, na hakurudi.

Mkimya alikufa saa tisa alasiri. Jua linawaka, barabara imenyooka, hakuna gari jingine. Alikuwa peke yake kwenye usukani tangu alfajiri, na hakukuwa na mtu wa kumgusa goti usingizi ulipomchukua.

Nilipoaga, Mzee Breki aliniuliza, "Ukituletea dereva wa pili aliye hai, Katibu, atakaa wapi?"

Nina miaka kumi na tisa kwenye chama. Nimejibizana na mameneja, polisi na mawakili. Huyu nilimwambia nina haraka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepanda mwenyewe. Mdogo wangu alinichukua baada ya kituo cha mizani, mbali na macho ya kampuni. Niliendesha malori miaka kumi na moja kabla ya chama. Siogopi kabini.

Nikataka kukaa kiti cha pili.

"Kaa nyuma, kitandani, dada." Alisema kwa upole, kama unavyomwambia mgeni kwamba pale pana mwenyewe.

Tulipoondoka tu, kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia mtu akikaa bila kujifunga. Kiti kitupu! Mdogo wangu akanyoosha mkono bila kutazama, akavuta mkanda wa kiti kile, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Kifaa kibovu, nikajiambia. Malori yao yote mabovu, nimeshaandika barua tatu kuhusu hilo.

Lakini mkanda haukulala kitini. Ulikaa hewani, umeachana na kiti kwa kiasi cha tumbo la mtu. Na Mkimya alikuwa na tumbo. Tulizoea kumtania kwamba si yeye aliyeshika usukani, ni usukani uliomshika yeye. Niliutazama ule mkanda mpaka macho yakaniuma. Ulikuwa ukipanda kidogo, ukishuka kidogo. Barabara ilikuwa laini.

Joto likapanda. Nilisinzia, nakiri.

Nimeguswa goti. Mara mbili, taratibu, kama anavyoamsha mtu mwenye adabu zake. Nikafumbua macho. Mdogo wangu, mikono yote miwili kwenye usukani, kidevu kifuani, macho kayafumba. Matairi ya kushoto yameshaingia kwenye changarawe. Nikampigia kelele kwa jina lake la utotoni. Akashtuka, akaturudisha barabarani.

Alifungua dirisha kwanza, ndipo akasema.

"Leo kakugusa wewe. Siku hizi akinigusa mimi sisikii vizuri. Mkono umekuwa mwepesi. Naye anachoka, dada."

Jumapili, 9 Machi

Mwili mzima unaniuma. Hofu ipo, lakini hasira ni kubwa kuliko hofu. Kampuni imepata mfanyakazi asiyeugua, asiyedai likizo. Miezi minne, zamu juu ya zamu, malori manne! Hata kufa hakukumpa mapumziko. Mimi ndiye niliyemwandikisha chama. Nani mwingine wa kumtetea?

Nilipita kwa mjane wake. Sikumwambia kitu, nilisema nimekuja kumjulia hali. Alikuwa anakunja nguo. Akasema bila kuulizwa, "Wenzangu waume zao huwajia ndotoni. Wangu hajaja hata siku moja. Sijui kinachomshika ni nini."

Jioni nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia tuandike dereva mmoja, ili na Mkimya apumzike. Akasema ataandika nikitangulia mimi, kwa kuwa nami nilikuwemo.

Jumanne, 11 Machi

Naandika humu humu ofisini kwa afisa wa kazi, daftari mapajani. Afisa katoka kutafuta mhuri. Meneja wa zamu yuko upande ule, kavaa tai, ananukia sabuni. Ameshasema lake: kila safari madereva walikuwa wawili. Alilisema akitazama sakafu.

Fomu yangu ya kiapo iko mezani. Nimejaza jina, tarehe, namba ya lori. Kipengele cha nne: idadi ya watu waliokuwemo kabini.

Nikiandika wawili, dereva na mimi, kampuni imekwisha. Malori yatatoka na watu wawili wenye pumzi, na Mkimya atashuka. Nikiandika watatu, nitaitwa mwendawazimu, na saa sita mdogo wangu anapanda lori lile lile, na mkono ule umeshakuwa mwepesi. Mtoto mdogo angejua la kuandika. Lakini sijawahi kuapa uongo, na aliyeniokoa Jumamosi nitamfuta kwa kalamu yangu mwenyewe. Najisikia kama namfukuza kazi.

Karani wa ofisi hii kaleta viti viwili, changu na cha mdogo wangu. Mdogo wangu kaomba cha tatu. Karani kauliza cha nani.

Aliyeinuka ni meneja wa zamu. Alikwenda mwenyewe mpaka ukutani, akachukua kiti, akakiweka katikati yetu. Akarudi kukaa. Mikono yake ameificha chini ya meza.

Viatu vya afisa vinasikika koridoni. Mdogo wangu ananinong'oneza, dada, andika. Nimeishika kalamu. Na kile kiti, sasa hivi, kimetoa mlio kama kinavyolia mtu mzito akijiegemeza —