Tovuti Yangu Imemchora Baba Mkwe

Mpendwa Mshauri Mong'ina, naomba msaada wako kwa sababu nimetengeneza kitu kizuri na sasa kinanivunjia ndoa kabla haijaanza.

Mimi ni Cliff wa Uriri, kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na kikundi cha vijana wa hapa kiliniomba tovuti ya kuonyesha wananchi ni nani anamiliki redio wanazosikiliza, nikakubali, lakini wazo la muundo likakataa kuja, nikaangalia tovuti za ng'ambo, zote ni miduara na mistari iliyosokotana, hata mama alichungulia akaniuliza kama ni ramani ya mabomba ya maji, mpaka Jumapili moja nikaenda kwa kina mchumba wangu Emmah, Rangwe, nikaona ukutani picha ya familia yao, baba yake Mzee Jeremiah juu, wake zake wawili chini yake, na watoto chini ya kila mama, nikasema moyoni, hapa ndipo, hakuna asiyeelewa familia.

Basi nikaiga, mwenye mali juu na redio zake chini kama watoto, kisha vijana wakaniletea majina ya wamiliki waliyoyapata kwa msajili wa kampuni, nikayapanga, na mshauri, zile redio mbili zinazotukanana hewani kila asubuhi, ambazo zimefanya hata ndugu zangu wawili wasisalimiane, kumbe moja ina jina la mama mkubwa wa kina Emmah, nyingine la mama mdogo, na pesa zote ni za Mzee Jeremiah, yaani nimechora tena picha ya sebuleni kwake!

Nilimwonyesha Emmah, akasema, "Cliff, ondoa mistari tu, majina yabaki," nikamwambia bila mistari hiyo ni orodha ya majina tu kama kadi ya harambee, akalia, na kesho yake Mzee, nadhani ameambiwa na Emmah, akapiga simu, nikajua nimekwisha, kumbe anacheka: "Kijana, kazi safi! Nitengenezee na mimi, lakini kila redio ikae peke yake, zisijuane. Halafu leta wazee wako tuongee mambo ya ng'ombe wa mahari, sitawasumbua." Sasa vijana wanataka tovuti ifunguliwe, na mimi nampenda Emmah kweli, nifanye nini?

MONG'INA ANAJIBU: Pole, Cliff, lakini usijifanye hujaelewa. Mzee hajasifu kazi yako, ameinunua, na bei ni binti yake. Unataka kuanza ndoa kama bidhaa ya ofa?

Kwanza, waambie vijana leo kwamba huyo ni mkwe wako mtarajiwa, mtu mwingine ayakague majina. Wakijua kwa wengine, utaitwa msaliti, na watakuwa na haki. Pili, nenda Rangwe mchana, ukae na Mzee, umwambie kwa heshima: "Baba, mistari inabaki. Ukiwa na jibu, nitaliweka pale pale chini ya jina lako." Kazi yake uikatae. Emmah naye mwache achague akiwa anajua kila kitu. Akikutaka bila mistari tu, bora umjue sasa. Ndugu zako waonyeshe hiyo picha kabla tovuti haijafunguliwa.

Na gazeti hili uliweke pia kwenye tovuti yako. Nilimwuliza mhariri wetu ni la nani, akaniuliza kama nimekunywa chai. Ukimpata mwenyewe, nijulishe.