Chumvi ya Mfukoni

Bwenini, 4 Machi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu imepungua kuvimba. Mimi sijambo, ila masomo yananitoa jasho.

Nina ombi. Mwalimu wa lishe ametupa kazi: kila mmoja aandike vyote alivyokula kwa siku saba, yeye na mtu mmoja wa nyumbani kwao, kisha alinganishe na mwongozo. Nimekuchagua wewe. Nilishajigamba darasani kwamba mama yangu ni mpishi wa hospitali, analisha wagonjwa mia mbili, na uji wa mgonjwa wa figo anaujua kwa moyo.

Usifiche kitu. Andika hata cha kuonja. Daktari alishakwambia presha haitaki mchezo, chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Sitafuti maksi tu, mama. Nataka kujua unakula nini.

Ni mimi mwanao wa pekee.


Nyumbani, 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu ndiyo ile ile, tumezoeana. Wenzangu wa jikoni wanakusalimu, wanauliza utarudi lini uwafundishe kupika.

Orodha yako hii hapa. Jumatatu: uji wa nafaka bila sukari, chungwa, wali kikombe kimoja, maharage, mchicha. Jumanne: yai la kuchemsha, mkate wa ngano nzima, samaki asiyekaangwa, karoti. Jumatano: kama Jumatatu, papai badala ya chungwa. Alhamisi: uji laini uliochujwa, mililita mia mbili kila baada ya saa tatu, upite kwenye mpira. Ijumaa: samaki, viazi vya kuchemsha, kabichi. Jumamosi na Jumapili: kuku bila ngozi, mboga za majani, tikiti. Chumvi: kidogo sana.

Mwambie mwalimu wako asinionee wivu.

Mama yako.


Bwenini, 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Barua yako ilifika asubuhi ya siku ya mwisho ya kukusanya kazi. Nilikata ile orodha peke yake, nikaibandika kwenye daftari bila kuisoma. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Alipofika Alhamisi akavua miwani, akauliza: "Huyu mtu leo analishwa kwa mpira wa puani, kesho anatafuna samaki?" Watu walivunjika mbavu.

Umeninakilia ubao wa vyakula vya wagonjwa wa jikoni kwenu. Tena jicho likaruka mstari, ukachukua na chakula cha wodi ya mahututi. Nilikuomba kitu kimoja tu, ukweli. Umeniaibisha.

Mwanao.


Bwenini, 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Hii ni wiki ya sita sijapata hata mstari. Nilipiga simu jikoni, akapokea msaidizi wako. Akasema upo ila mikono ina unga. Mara tatu mikono ina unga, mama?

Niandikie hata matusi. Nitayasoma yote.

Mwanao.


Wodini, 23 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke ukiona neno hilo hapo juu. Nilipata kizunguzungu nikaanguka kando ya jiko, wakanipima, presha iko juu sana. Nimelazwa siku ya nne kwenye wodi ninayoipikia mwenyewe. Naendelea vizuri. Uji wao una madonge, nikitoka nitasema na mtu.

Jana mtaalamu wa lishe alikaa kitandani kwangu na fomu yake. Akauliza, "Mama, kabla hujaanguka, siku hiyo ulikula nini?" Nikafungua mdomo nimtajie ubao. Nikaukumbuka ule mpira. Nikafunga mdomo, nikamwomba anipe kalamu, kuna mtu anatakiwa kuambiwa kwanza.

Siku hiyo alfajiri nilikunywa chai ya rangi, sukari vijiko vinne, nimesimama. Kuonja sufuria kumi na nne, kila moja mara mbili. Saa nne, ukoko wa uji. Mchana trei zilirudi kutoka wodini. Mmoja kaacha nusu samaki, mwingine kaumega mkate upande mmoja tu. Sheria inasema vimwagwe. Mimi huwa nasubiri wenzangu watoke, halafu nakula nyuma ya mlango wa stoo. Na kwa kuwa chakula cha wagonjwa hakina ladha, mfukoni mwa aproni nina karatasi ya chumvi. Nachovya. Ikiisha naongeza nyingine. Matunda hakuna. Usiku huwa sili, nafika nyumbani nimechoka. Nimejilinganisha na mwongozo mwenyewe, usihangaike: nimefeli kila mstari.

Nilianza ulipokuwa mdogo. Mkate na ndizi nilizokuwa nakuletea jioni zilitoka kwenye trei. Uliwahi kuniuliza kwa nini ndizi zote zimekatwa ncha, nikakwambia ndivyo zinavyouzwa. Siku hizi shida ile haipo tena, lakini nikiona chakula kinarudi, mkono unakwenda wenyewe.

Naona aibu, mwanangu. Si ya mabaki peke yake. Kila siku nasimama mlangoni nawaeleza ndugu za wagonjwa jinsi ya kupima chumvi, huku mfuko wangu umejaa. Ningeandikaje hayo kwenye karatasi ya chuo?

Mama yako.


Bwenini, 2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Pole sana. Nimeisoma barua yako nimekaa bafuni, wenzangu wasinione.

Ndizi nilijua. Nilikuwa na miaka tisa. Siku moja ulisahau kukata ncha nikaona alama za meno, nikakata mwenyewe, nikala. Sikukwambia ili usiache kuleta.

Lipo la pili, na hili ndilo linaloninyima raha. Siku ile darasa lilipocheka, mwalimu aliniuliza, "Huyu ni nani wako?" Nikasema ni mpangaji mwenzetu, kichwa chake hakijatulia. Kisha nikacheka pamoja nao. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, mama. Halafu nikakaa nikakuandikia kwamba umeniaibisha.

La tatu ni dogo. Orodha yangu mimi niliandika chungwa kila asubuhi. Chungwa nililiona mara ya mwisho kwenye picha ya mwongozo. Nakunywa chai na mkate mkavu, mchana chipsi. Tumefeli wote wawili, na mimi ndiye ninayesomea.

Nimekwenda kwa mwalimu nikamweleza kila kitu, nikaomba kurudia kazi. Amekubali. Barua yako sitaibandika popote, ni yangu. Lakini ukipenda, niandikie siku moja tu, mpya na ya kweli. Juu ya ukurasa nimeshaandika: "Mlaji: mama yangu mzazi." Nisamehe.

Mwanao.


Nyumbani, 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimetoka wodini, nimeanza kazi juzi. Uji hauna madonge tena.

Ya leo, Jumanne. Asubuhi: chai, sukari vijiko viwili. Hapana, vitatu. Kuonja: nimemwachia msaidizi, ana ulimi mzuri kuliko nilivyodhani. Mchana: wali na maharage niliyotoka nayo nyumbani, mchicha, ndizi moja nzima, nimeimenya mwenyewe. Trei zilirudi, kulikuwa na paja la kuku halijaguswa. Nimelimwaga. Iliniuma. Karatasi ya chumvi nimempa mtaalamu wa lishe mkononi, na fomu yake nimeijaza.

Andika na hili, hata kama mwongozo hauulizi: nimekula mezani na wenzangu, nimekaa.

Na wewe tafuta chungwa.

Ni mimi mama yako, si mpangaji.